Dada wa "Nyumbani Kuna Zabibu" hakuwahi kuimba. Sauti ile niliikata mimi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Wengi humu mnanijua kwa ubishi. Nimebishana na watu kuhusu dini, kuhusu siasa, hata kuhusu kama pilau inahitaji nyanya. Leo sibishani na mtu. Ninachoandika kimetokea, mkosaji ni mimi, na sijajipunguzia. Kitu pekee nilichobadilisha ni jina la mhusika wa pili. Nitamwita Neema.

Uzi huu unahusu jinsi nilivyompoteza mtu niliyekuwa nafanya naye muziki. Mtakaotaka kuruka mbele, rukeni, lakini mkianza kunitukana bila kusoma katikati mtakuwa mmetukana nusu tu.

Tuanze.

Mimi si mwenyeji wa Dodoma. Mzee wangu ni mtumishi, wizara yake ilipohamia huku na sisi tukahama. Tukapanga Nkuhungu. Nikasoma chuo hapa hapa, na huko ndiko nilikokutana na Neema. Yeye ni Mgogo wa Mvumi, alikuwa anasoma mambo ya mawasiliano na umeme. Mimi nilikuwa nasoma sosholojia, yaani nilikuwa nasoma namna ya kuuliza maswali bila kuajiriwa.

Neema alikuwa na boksi.

Boksi lenyewe lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Ndani aliweka koili aliyoizungushia nyaya za shaba kutoka kwenye mota ya feni iliyoungua, betri moja, na tundu la earphone. Ukilisogeza karibu na kitu chochote chenye umeme, unasikia kile kitu kinavyovuma. Friji ina mvumo wake. Taa ya barabarani ina wa kwake. Simu ikiwa inatafuta mtandao inalia kama mdudu aliyefungiwa kwenye karatasi.

Alinivalisha earphone siku ya kwanza, akanisogeza hadi kwenye nguzo yenye transfoma nyuma ya hosteli. Nilisimama pale nikasahau kipindi.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Kuna mtu anaimba kwa mbali."

"Hakuna mtu," akasema. "Ndiyo uzuri wake. Hakuna mtu hata mmoja humo."

Kauli hiyo ndiyo ikawa sheria yetu. Tutatengeneza muziki wa sauti za vitu. Mashine ya kusaga, geti linalokosa grisi, jenereta, bati linapopanuka saa saba mchana juani. Hakuna kuimba, hakuna kurap, hakuna sauti ya mtu. Yeye anajenga maboksi, mimi napanga sauti kwenye laptop.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "huo ni muziki au kelele?" Mkuu, umechelewa. Swali hilo nimeulizwa na mama yangu mzazi, na mpaka leo sina jibu linalomridhisha.

Shoo yetu ya kwanza ilikuwa baa moja Chang'ombe, Jumamosi mchana, watu wanakula nyama. Tulipiga kama dakika sita hivi. Mwenye baa akaja mbio na taulo begani.

"Fundi, zima, zima! Spika zangu zinaungua!"

Nikamwambia haziungui, huo ndio wimbo. Akanitazama, akamtazama Neema, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mkimaliza kupima mitambo ndiyo mnaanza?"

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Tuliifanya ile kauli kuwa jina la albamu yetu ya kwanza: Kupima Mitambo. Tukaiweka mtandaoni. Huku nyumbani waliisikiliza ndugu, tena kwa kulazimishwa. Lakini polepole wakaanza kutuandikia watu wa mbali. Mtu mmoja akaandika insha nzima kuhusu boksi la maziwa. Tuliisoma tukiwa tumekaa kwenye ndoo, kwa sababu studio yangu haikuwa na viti.

Kazi iliyonilisha ilikuwa nyingine. Nilikuwa narekodi kwaya na matangazo ya biashara. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu kosa langu limezaliwa hapa.

Kurekodi kwaya ni kukata. Mwanakwaya amepumua vibaya, unakata pumzi. Alto ameshuka, unamchukua alipoimba vizuri ubeti wa kwanza unambandika ubeti wa tatu. Miaka minne nilifanya hivyo kila wiki. Nilifika mahali nikisikia mtu anaongea, sisikii anachosema. Nasikia wapi pa kukata.

Sasa, mwaka juzi tukapata mwaliko. Tamasha la muziki wa aina yetu, nchi jirani. Si kwa video, si "tutawapigia". Mwaliko wa barua, majina mawili, siku mbili za kupiga na siku moja ya Neema kufundisha watu kutengeneza maboksi. Ili tuondoke kama wasanii tulihitaji barua ya kututambulisha kutoka ofisi moja ya hapa mjini. Sitaitaja, na msianze kubashiri kwenye comments.

Nikaenda na fomu na flash. Nikampata afisa, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wimbo uko wapi?"

Nikampa flash. Akachomeka, akasikiliza kama dakika moja, uso hausogei.

"Mashairi yako wapi?"

"Hauna mashairi mama. Ni ala tupu."

"Ala gani?"

"Transfoma."

Akavua earphone. "Mwanangu, fomu ina sehemu ya mashairi. Wimbo usio na maneno, mimi nitajuaje haujamtukana mtu?"

"Mama, transfoma haiwezi kumtukana mtu."

"Hiyo ni kauli yako wewe. Nikiweka sahihi inakuwa kauli yangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na baadaye nimelifikiria sana lile swali lake, si la kijinga. Alikuwa na sahihi yake ya kulinda. Mimi niliyejiona msomi nilikuwa nalinda nini?

Nikatoka nje kwenye benchi la kusubiria. Nikachukua kalamu, na kwa hasira na dharau nikaandika mistari minne. Niliandika kama mtu anayejaza fomu ya msiba wa jirani asiyempenda:

Nyumbani kuna zabibu,
karibu, karibu nyumbani.
Maji yapo, kivuli kipo,
nyumbani, nyumbani.

"Maji yapo" niliweka makusudi. Mnaoishi huku mnajua mgao wa maji ulivyo.

Nikarudi ndani. Mama akavaa miwani, akasoma. Wakuu, yule mama alitabasamu.

"Unaona? Mbona unaweza! Haya ni maneno mazuri kabisa, yanaitangaza Dodoma. Sasa niletee wimbo ukiwa na maneno yake ndani. Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu.

Nikamwambia Neema. Nilitegemea atacheka kama alivyocheka baa. Hakucheka.

"Hapana," akasema. "Rudi umwambie hauna maneno."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena. Omba uonane na mkubwa wake. Nitakwenda mimi nikirudi." Alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda Mvumi kumsaidia mama yake kuvuna karanga. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hospitali ya huko huko, na tangu hapo shamba lilikuwa la wanawake watatu.

"Ijumaa ikipita tumekosa."

"Basi tukose. Tuwaandikie wenye tamasha, tuwaambie ukweli. Wewe si ndiye unayependa ukweli?"

"Imba tu mistari minne, Neema. Nusu dakika."

"Siimbi. Na wewe usimtafute mtu wa kuimba juu ya maboksi yangu. Tulikubaliana."

Akaenda zake.

Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Kwangu ile ilikuwa safari ya kwanza maishani ambayo nilialikwa kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa na vitambulisho shingoni wanaingia na kutoka maofisini. Mimi nilikuwa yule kijana wa kelele. Nilitaka siku moja mzee wangu aione ile barua.

Nilimwita mwanakwaya mmoja ajaribu, nakiri hilo pia. Aliimba vizuri mno. Wimbo ukageuka kuwa wimbo wa kawaida, na mvumo wa transfoma nyuma yake ukawa kama mtambo mbovu. Nikafuta.

Ndipo lilipokuja wazo. Wazo ambalo naamini watu wa muziki wa aina yangu tu ndio wanaweza kuwa nalo na bado wakajiona werevu.

Neema amekataa kuimba. Sawa. Tumekubaliana hakuna mtu kuimba. Sawa. Lakini sauti iliyokatwa vipande si kuimba. Ni sauti tu, kama geti, kama bati. Nikimchukua Neema kwenye voice notes zake, nikakata neno hapa na neno pale, nikayapanga kwenye noti, basi hakuna aliyeimba na sheria haijavunjwa.

Nilijishinda kwa hoja, nikajipigia makofi.

Nilikuwa na voice notes zake za miaka mitatu. Jumatano, baada ya umeme kurudi, nikakaa nazo tangu asubuhi. "Karibu" nikaipata siku aliyonikaribisha makande. "Maji yapo" nikaipata kirahisi, kila wiki tulikuwa tunaulizana. "Zabibu" alikuwa ananisimulia habari za mwanamke aliyembambikia mbichi sokoni. "Kivuli" alikuwa anataka niliweke boksi kivulini lisipate joto.

"Nyumbani" zilikuwepo nyingi, lakini zote kavu. Alikuwa akitaja harakaharaka, kama mtu yeyote. Nilihitaji moja yenye urefu, ambayo nikiivuta haipasuki.

Nikaipata moja. Ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Alikuwa ndani ya gari, barabara inatikisa, anasema: "Naenda nyumbani, baba amezidiwa. Ile kazi tutamalizia nikirudi."

Nilijua ni ya siku gani. Msinitetee kwamba labda sikujua. Niliisikiliza yote, nikajua, nikakata kabla ya neno "baba".

Ile "nyumbani" ilikuwa inatetemeka. Nilipoivuta, mtetemo ukafuata noti vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi. Nikairudia mara nane. Mwisho nikaiacha peke yake, transfoma chini yake.

Na nitasema jambo ambalo litawaudhi. Ilikuwa nzuri. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nililia nilipoisikiliza. Nililia kwa kuipenda kazi yangu, si kwa kumkumbuka marehemu.

Ijumaa nikaipeleka. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Akavua earphone taratibu.

"Huyu binti anaimba kwa hisia. Ni nani?"

"Ni mwenzangu."

"Mwambie hongera sana."

Nikapewa barua. Neema akapiga simu kutoka Mvumi kuuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Wamekubali hivyo hivyo, ala tupu." Akapiga kigelegele kwenye simu. Nikasikia mama yake nyuma anauliza kuna nini, na Neema anamjibu kwa Kigogo, wote wawili wanacheka.

Nilidhani imeishia hapo. Faili limekaa ofisini, sisi tunasafiri, tunapiga muziki wetu, basi.

Kumbe yule mama aliupenda wimbo kwelikweli. Akaupeleka kwa wanaoandaa sherehe, ukapigwa kwenye ufunguzi wa maonyesho fulani ya wakulima. Hakuwa na nia mbaya, aliona anamkuza kijana. Watu wakaurekodi na simu. Ndani ya wiki moja ulikuwa kwenye status, kwenye saluni, nyuma ya video za harusi. Mnaujua. Mmeupiga. Kuna mmoja humu aliwahi kuuanzishia uzi akiuliza "huyu dada wa Nyumbani Kuna Zabibu ni nani, ana sauti ya kutoa machozi". Niliuona ule uzi. Nikasoma comments zote, sikuandika kitu.

Neema aliusikia kwenye status ya mdogo wake.

Alikuja Nkuhungu saa nne asubuhi. Mama yangu alikuwa uani anaanika nguo. Neema akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akaulizwa habari za Mvumi, akajibu zote, karanga, mama, wadogo. Kisha akaingia studio, akakaa kwenye ndoo.

"Fungua," akasema.

"Nini?"

"Laptop. Fungua ile kazi."

Nikafungua. Mnaojua kazi hizi mnajua: ukifungua, kila kipande cha sauti kinaonekana na jina lake. Nami nilikuwa nimevipa majina ili nisipotee. Neema_makande. Neema_maji. Neema_soko.

Na kimoja, kimejirudia mara nane kwenye kioo, kimeandikwa neema_baba.

Alikisoma kwa sauti. Mara moja tu.

Nikaanza kuongea. Nilimweleza hoja yangu yote, kwamba hakuna aliyeimba, kwamba sauti ni sauti, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusikiliza hivyo. Nilikuwa na pointi nyingi. Naogopa kusema kwamba zingine bado naziona ni pointi nzuri.

Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Mama ameusikia," akasema. "Mdogo wangu alimpigia akidhani atafurahi. Mama akauliza, mbona Neema analia huku wamempigia ngoma?"

"Ulijua ni siku ile?"

"Nilijua."

"Bora ungenidanganya hata hapo."

Akainuka, akakusanya maboksi yake. Saba. Akayapanga kwenye mfuko wa sandarusi moja baada ya jingine, kila moja akilizungushia waya wake. Nikasema nimsaidie kubeba. Akasema, "Mama yako yuko nje, usinifanye nipige kelele."

Nilikwenda kwenye tamasha peke yangu, na laptop. Ndiyo, nilikwenda. Mnategemea niseme nilikataa, lakini sikukataa. Nilipiga siku mbili nilizopangiwa, watu wakapiga makofi ya adabu. Siku ya tatu ilikuwa ya maboksi. Watu ishirini na kitu walikuwa wamekaa na makopo yao matupu waliyoambiwa waje nayo, wanamngoja mwalimu. Nikasema anaumwa. Mwenyeji wetu, kijana mstaarabu tu, akaniambia kwa masikitiko kwamba kwa kweli walitualika kwa ajili ya yale maboksi. Hakujua anasema nini. Nikamwambia asante.

Tangu nirudi sijatengeneza muziki wangu hata dakika moja. Transfoma naisikia ni transfoma tu. Lakini kazi ninayo, tena nyingi. Kila anayekuja anataka "kitu kama kile cha Nyumbani". Muuza viwanja anataka. Wa harusi anataka. Kuna mmoja alitaka kuniletea voice notes za mkewe. Nikamuuliza kama mkewe anajua. Akacheka, akasema itakuwa surprise. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mods humu wangenifungia.

Msamaha nimeomba. Meseji sijui ngapi, na barua moja ya mkono niliyoipeleka Mvumi, ikapokelewa mlangoni na mdogo wake. Kwa muda mrefu Neema hakujibu. Kisha akajibu mara moja tu, na naiandika hapa neno kwa neno kwa sababu yenyewe ndiyo ruhusa:

"Acha kuniomba msamaha chemba. Watu wanampongeza mama yangu kwa mtoto anayeimba. Waambie sikuimba."

Hiyo meseji ina miezi minane. Miezi yote hiyo nimekuwa nauliza maswali. Je, nikisema watanielewa? Je, kuna faida gani, wimbo si umeshasambaa? Je, yule mama wa ofisini hataharibikiwa? Mnaona, maswali mazuri kabisa. Jibu la kweli lilikuwa moja: nikisema, wateja wataondoka. Mimi niliyekuwa namuuliza kila mtu kila kitu, Neema sikumuuliza swali moja tu, naomba kutumia sauti yako? Na sikumuuliza kwa sababu nilijua atakavyojibu.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anaweza kusoma, akasikiliza vizuri kuliko wenzake, akawa na sikio la kuisikia hata nguzo ya umeme, na bado asimsikie mtu aliyekaa naye chumba kimoja kwenye ndoo. Zaidi ya hapo sina falsafa.

Sasa ninachoomba kwenu, na hapa ndipo nataka mchango.

Sikusanyi maoni kama nilikosea. Nilikosea. Sitaki pia mnisaidie kumtafuta yule mama wa ofisi, mwacheni, alisikia hisia akazisema. Mimi nilikuwa najua zimetoka wapi.

Ninyi mnao ule wimbo. Uko kwenye simu zenu, kwenye magrupu yenu, kwenye video za harusi za dada zenu. Ile "nyumbani" mnayoipandisha sauti ni mtu yuko kwenye gari, hajui kama atamkuta baba yake, na hakumkuta. Ufute. Ukishafuta, andika hapa chini neno moja: nimefuta.

Msiandike "pole mkuu". Anayesoma comments si mimi. Mwenye ile sauti ana akaunti humu miaka mingi, hajawahi kuandika hata mstari mmoja, na leo asubuhi nimemtumia link.